Sori kwa Jogoo wa Bi Zabibu

Jumanne, 16 Juni 1992

Daftari hili la tarehe kanipa Anuari wa dukani. Nusu ya mwaka imeshapita humu ndani tupu kabisa. Nikasema hapana, watu watadhani sikuishi.

Kusoma sijui, kuandika sijui. Anayeandika ni Mwalimu Paskali, mpangaji wangu wa chumba cha uani, mstaafu, alikuwa anafundisha watu wazima ngumbaru. Mimi nasema, yeye anaandika. Tumepatana asinirekebishe. Ameshaanza kukunja uso.

Kwanza shukrani. Namshukuru Mungu kwa sukari. Miaka ile ya shida nililala foleni siku mbili kwa kilo moja, na nilipokwenda haja aliyenishikia nafasi ni Zabibu. Alipigana na mwanamke wa Unyambwa kwa ajili yangu, akapoteza kandambili moja. Leo sukari imejaa gunia kwa Anuari, mdomo wazi, nyuki wanajilia bure. Tumetoka mbali.

Sasa Zabibu mwenyewe ndiyo habari. Jirani yangu ukuta kwa ukuta, miaka thelathini na minane. Leo siku ya kumi na mbili hatusemi.

Sababu ni jogoo. Alikuwa na jogoo mwekundu, mkubwa, mkia kama ufagio. Mchana yuko kwake, usiku analala jikoni kwangu. Pumba anakula zangu. Nikaona jogoo anayelala kwangu na kula kwangu ni wangu kidogo. Wiki moja kabla ya Idi wakaja wachuuzi wa kuku kutoka Dar es Salaam na lori lao, wanagombea kuku wa Singida kama wanagawiwa. Nikamuuza. Nilikusudia kuuza sehemu yangu tu, lakini jogoo hagawanyiki.

Zabibu akauliza. Nikasema labda kicheche. Kumbe mtaa mzima uliona lori limesimama mlangoni kwangu. Nikabadilisha, nikasema nilichanganya, ilikuwa alfajiri, nilidhani ni wangu. Akaingia ndani, akafunga mlango polepole. Bora angeubamiza.

Na leo nimesikia kwa Swaumu, jirani wa mbele, kwamba Hussein mtoto wa Zabibu, yule wa reli kule Itigi, anakuja kumchukua mama yake. Jumatatu. Akakae huko moja kwa moja.

Nikaweka kikombe cha chai chini. Mimi na Zabibu tuna ahadi. Atakayetangulia, mwenzake atamwosha. Tuliahidiana tulipotoka kumwosha mama yake, mikono bado ina maji. Sasa akiondoka na kinyongo nani ataniosha? Swaumu? Swaumu ana haraka na kila kitu. Nimeona sufuria zake.

Jumatano, 17 Juni

Niseme desturi ya mtaa wetu, maana kuna wageni siku hizi hawaijui. Ukimkosea mtu unaingia kwake kwa mlango wa jikoni, kuku mkononi. Unakaa mkekani, miguu umenyoosha. Mbele ya mashahidi wawili unalitaja ulilofanya, kwa jina lake, kwa mdomo wako. Mwenyewe akipokea kuku, yamekwisha, mnakula pamoja.

Kuku ninaye. Mtetea wa madoa, anataga kila siku. Kumtoa yule inauma. Lakini ningemtoa. Kinachonishinda ni kutaja. Nikiwa na miaka sabini nikae chini nimwambie Zabibu, Swaumu ananisikia, kwamba nilimkamata jogoo wa mtu nikijua?

Basi leo Mungu kanionesha njia. Nilikuwa sokoni, nanunua vitunguu. Kijana wa mitumba kapita mbio na bunda kichwani, kanipiga bega, vitunguu chini. Akasema, sori bibi. Hakusimama hata. Na mimi nikaona ajabu. Hasira nilikuwa nazo, zilikuwa nyingi, na tayari nilishafungua mdomo. Zikaisha. Hazikupata pa kwenda. Kijana ameshafika kwenye maharage.

Hakuleta kuku. Hakutaja kosa. Neno moja, na katembea.

Nikarudi nikamuuliza Mwalimu neno lile ni la kazi gani. Akafurahi, akavaa miwani. Kasema ni la Kiingereza, na wenyewe wanalitumia kwa mambo mengi. Wakikukanyaga wanalisema. Ukifiwa wanalisema. Hawakusikia ulichosema, wanalisema pia, ili urudie. Hawataki kukupa kitu, wanaanza nalo kisha wanakunyima. Nikamwambia kwetu ukifiwa ni pole, ukikosewa ni samahani, na kunyima hakuna neno, unanyamaza tu. Kasema ndiyo, wao wameweka vyote kwenye kikapu kimoja. Watu wenye akili. Nawashukuru.

Mchana nimelitafuta kila mahali, kumbe liko mjini siku nyingi. Nesi kanichoma sindano ya mgongo, kasema sori kabla hajachoma. Karani wa ofisi ya ardhi kamwambia mzee mmoja, sori mzee, njoo wiki ijayo, na mzee kaondoka kama kapewa kitu. Swaumu anasema kwenye basi la Ikungi lilipokufa njiani kondakta alilisema mara moja tu kwa abiria wote sitini.

Nikalijaribu mwenyewe bombani. Ndoo yangu ilikuwa ya tisa. Nikaipeleka mbele, nikasema, sori, sori. Wakanipisha. Mmoja kanisaidia kujitwisha.

Kesho Zabibu.

Alhamisi, 18 Juni

Nimeamka mapema. Nikavaa vizuri, ingawa ukuta hauoni. Nikasikia ufagio upande wa pili, nikapanda juu ya kinu.

Nikasema, Zabibu, sori.

Ufagio ukasimama. Moyo wangu nao. Kisha akauliza, sori ya nini?

Sikuwa nimejiandaa kuulizwa. Yule kijana wa mitumba hakuulizwa. Nikasema, sori tu.

Akasema, hiyo ya tu kampe uliyemkanyaga sokoni. Mimi hujanikanyaga. Na akaendelea kufagia, vumbi lote likaja kwangu, nafikiri kwa makusudi.

Nikashuka kwenye kinu vibaya, goti linaniuma. Nikamlaumu Mwalimu. Kumbe anasema hata Waingereza wenyewe kosa likiwa kubwa wanatakiwa waseme na la nini, tena wengine wanalia na kuleta maua. Nikamuuliza kwa nini jana hakusema. Kasema sikuuliza. Mtu mmekaa naye miaka sita, anakula ugali wako, halafu anakwambia hukuuliza.

Lakini hilo la maua nimelishika.

Hata hivyo shukrani. Mwalimu kanikanda goti kwa mafuta ya alizeti. Ya kwake.

Ijumaa, 19 Juni

Maua hapa mwezi wa sita hakuna. Upepo na vumbi. Nikaenda kwa Anuari kutafuta ya plastiki.

Anuari duka limemjaa siku hizi, huwezi kugeuka. Sabuni za rangi, redio za Dubai, viatu vya kung'aa. Zamani baba yake alikuwa anauza viberiti na huzuni. Nikamweleza nataka kitu chenye maua na lile neno. Akaniuliza, sori ya mchumba, bibi? Nikamwambia mshenzi wewe, mchumba wangu yuko kaburini, shika adabu. Akacheka, akasema shikamoo upya, akanitolea kadi. Zimetoka Nairobi. Maua mekundu, ua moja moja limeinuka ukilipapasa. Maandishi ya dhahabu. Akaapa neno ni lenyewe. Mwalimu kalisoma nyumbani, akasema ndilo, kubwa, katikati.

Nikafurahi sana. Neno limeandikwa, mimi simo. Kadi haiwezi kuulizwa ya nini.

Mayai nane yamekwenda kwa Anuari. Ya yule mtetea.

Nikampa Swaumu aipeleke. Nikamwambia sema imetoka kwangu, usiseme zaidi. Swaumu kusema zaidi ndiyo kazi yake, lakini leo alikuwa na haraka, Mungu ashukuriwe. Kaisukuma chini ya mlango akaondoka.

Usiku huu sitapata usingizi kwa matumaini.

Jumamosi, 20 Juni

Andika polepole, Mwalimu, na usicheke.

Saa mbili asubuhi nimesikia vigelegele mlangoni kwangu. Nikafungua. Zabibu. Kitenge kipya, beseni la mchele kichwani, machozi yanatiririka. Akaniangukia shingoni, mchele mwingine ukamwagika mgongoni kwangu.

Akasema, ugomvi wetu ni wetu sisi wazee, mtoto hana kosa. Akasema, nimepata kadi, nimeilaza kifuani usiku kucha. Hata kama bibi yake ni mwizi wa kuku, yule ni mjukuu wangu, nilimnywesha uji kwa mkono huu.

Ndipo nikaelewa. Zabibu hasomi, kama mimi. Na mtaani kwetu kadi yenye maua na dhahabu inakuja kwa jambo moja. Inakuja kuomba mchango wa harusi. Haijawahi kuja kwa jambo lingine tangu kadi zianze. Amedhani mjukuu wangu wa Dodoma, anayejifunza ushonaji, anaolewa.

Nikafungua mdomo nimwambie. Wallahi nilifungua. Ikatoka, Mungu akipenda.

Akakaa. Tukanywa chai. Saa nzima, Mwalimu ni shahidi. Tukacheka mpaka kile kicheko chake cha kukohoa kikarudi. Akanitania, akaniambia Mwantum umezeeka, unanuka alizeti. Nikamwambia na wewe unanuka Itigi kabla hujafika. Sijapata saa nzuri kama ile mwaka huu. Nikajiambia basi, imekwisha, nani ana haja ya mkeka.

Akainuka, akasema, nimeshawapitia majirani, nimewaambia.

Kabla ya adhuhuri wakaanza. Swaumu na kanga doti moja. Mke wa mchinjaji na sukari. Watu wa nyumba ya kona na mkeka mpya wa ukili. Nikasema ahsanteni, ahsanteni. Nifanye nini? Wakauliza bwana harusi ni nani. Nikasema mtu wa Dodoma. Wakauliza anafanya kazi gani. Nikamtazama Mwalimu. Mwalimu akatazama dari. Nikasema anafanya kazi za dari.

Sasa mtaa mzima unajua mjukuu wangu anaolewa na fundi seremala.

Jumapili, 21 Juni

Hussein kaja na pikapu ya rafiki yake. Kijana mzuri, kanenepa. Kaja kunisalimia, shikamoo bibi, kapiga magoti kabisa. Akasema hongera, harusi watailetea mbuzi wawili kutoka Itigi, na mama yake atarudi wiki nzima kabla kupika. Nikamwambia marahaba, nikaenda uani nikakaa na mtetea.

Nikamwita Mwalimu aandike barua ya kuahirisha harusi. Nilishaipanga: bwana harusi kaanguka kutoka darini, kavunjika mguu. Mwalimu akaweka kalamu chini. Kasema, mama, mimi naandika siku zako zilivyo, nimeandika jogoo, nimeandika kadi, lakini mtu ambaye hajazaliwa simvunji mguu. Nikamwambia utalala wapi? Kasema nitalala hapahapa, na wewe utalala na haya.

Akasema tena, kesho asubuhi Zabibu anaondoka. Akirudi kupika harusi na harusi hakuna, atakuosha kweli?

Nikamfunga mtetea miguu.

Baada ya alasiri tukaenda watatu, mimi na Mwalimu na Swaumu niliyemkamata njiani. Kwa mlango wa jikoni. Zabibu alikuwa anafunga vyombo kwenye gunia. Akamwona kuku, akaacha. Akatandika mkeka. Nikakaa, miguu nimenyoosha, goti linalia. Na lile neno likanijia mdomoni, lilikuwa tayari, tamu, dogo. Zabibu akaniambia, kwa Kiswahili, Mwantum, au usiseme kabisa.

Nikasema. Jogoo alikuwa wako. Nilijua ni wako. Sikuchanganya, kulikuwa na mwanga. Nilimuuza kwa sababu walikuwa wanampenda na mimi nilitaka wanipende. Nikasema na kadi. Harusi hakuna, bwana harusi hakuna, kadi ilikuwa ya kukwepa mkeka huu.

Swaumu kapiga yowe, nikamwambia nyamaza wewe ni shahidi.

Zabibu akafunga mdomo wa gunia la vyombo. Kisha akasema, ile siku nilikuwa chooni. Mabati yale hayazuii kitu. Nilikusikia unamfunga jogoo. Unajua ulimwambia nini?

Nikasema sikumbuki. Nakumbuka.

Akasema, ulimwambia, nisamehe baba, nisamehe, siyo mimi ni njaa ya watu wa Dar es Salaam. Ukamwomba radhi jogoo, Mwantum. Mara tatu. Mimi mwenye jogoo nikakaa siku kumi na saba nangoja ya kwangu. Hussein alitaka kunichukua tangu Jumapili iliyopita. Nikamdanganya kiuno kinauma.

Hapo nililia. Mwalimu andika, nililia na kamasi.

Akamchukua mtetea mapajani kwangu. Akampima uzito kwa mkono, akasema, umemkondesha. Kisha akaanza kucheka, kile cha kukohoa, akauliza, kazi za dari? Hukupata hata kazi ya maana ya kumpa?

Tukala ugali na mlenda wote wanne, na Hussein wa tano. Baadaye Zabibu akanishika mkono, tukapita nyumba kwa nyumba kurudisha vitu. Yeye ndiye aliyekuwa anasema. Mimi nilikuwa nabeba. Mke wa mchinjaji alitaka kunitukana, Zabibu akamwambia ameshataja mkekani, yamekwisha, chukua sukari yako. Amenipigania tena. Safari hii hakupoteza kandambili.

Mchele wake akakataa kuuchukua. Kasema kula, unenepe, usije kuwa mwepesi siku ya kukuosha nikadhani nimeokota kanga.

Jumatatu, 22 Juni

Kaondoka. Saa moja asubuhi, baridi, upepo unakata. Kakaa mbele, mtetea wangu miguuni kwake. Nikamuuliza, na ahadi? Akasema, Itigi siyo mbali. Ukifa, ningoje.

Nimesimama njiani mpaka vumbi likatulia. Kisha nikarudi ndani.

Leo ni shukrani tupu, Mwalimu, jaza ukurasa. Namshukuru Mungu kwa Zabibu. Namshukuru Mwalimu kwa kuweka kalamu chini. Namshukuru Swaumu, hakutangaza mpaka tulipomaliza kula. Nashukuru kwa mkeka. Kutaja kunauma kama jino, lakini likishatoka ulimi unapita pale unaona ni laini. Nimejifunza. Andika hivyo, nimejifunza, na kipige mstari chini.

Jumatano, 24 Juni

Jana hatukuandika. Nilikuwa nasikiliza ukuta. Hakuna ufagio.

Nimefikiri sana. Zabibu alisema ningoje, lakini hakusema atakuja lini kabla ya hapo. Kama hakuna jambo, mtu wa Itigi atakuja Singida kufanya nini? Atakuja kwa msiba au kwa harusi. Msiba ni wangu, sina haraka nao.

Asubuhi nimepita kwa Anuari. Zile kadi za Nairobi zimebaki mbili. Moja ina maua ya buluu, hata haifanani na ile. Hussein anajua kusoma, lakini Hussein yuko relini mchana kutwa, na basi linafika Itigi saa nane.

Mwalimu kasema hataandika anwani. Nikamwambia sawa, usiandike, kondakta anamjua Zabibu kwa sura. Nimeshampa ile ya buluu. Nimempa na mayai sita ya Swaumu ya kumshukuru, Swaumu nitamwambia kicheche.

Mwalimu ananiuliza, na akifika na mbuzi wawili akakuta hakuna harusi? Mchele si upo. Tutapika, atakaa wiki nzima, tutacheka. Na akiuliza bwana harusi yuko wapi, neno la kumwambia ninalo, nimelifanyia mazoezi tangu asubuhi.